Mwanao, Si Mwanangu: Namna ya Kuandika Baba Mkali na Mtoto Mpole katika Hadithi ya Ajabu

Kaa siku moja kwenye nyumba yoyote ya milimani Mbinga, mkoani Ruvuma, usikilize baba anavyomtaja mtoto wake wa kiume. Kijana akifaulu mtihani, baba atawaambia majirani, "Mwanangu yule." Kijana akizubaa mbuzi wakaingia kwenye maharage ya watu, baba hamsemeshi yeye, anamgeukia mama: "Umemwona mwanao?" Herufi chache zimebadilika, na mtoto amekwisha kuhamishwa upande.

Anayetaka kuandika hadithi ya ajabu kuhusu mtoto mpole na baba mkali aanzie kwenye neno dogo la namna hiyo, kabla hajachora ramani ya ufalme wala kumpa mtu fimbo yenye nguvu. Miswada ya vijana inayonifikia huanzia upande wa pili. Kuna mfalme mwenye ndevu, anamdharau mwanawe kwa kuwa mwana hapendi vita. Mwana anafukuzwa, anaokota upanga unaong'aa, anarudi kuuokoa mji, na baba anakata roho akiomba msamaha. Inaniuma kuzirudisha kazi hizo, maana nyuma yake naona mtu aliyetaka kusema jambo la kweli kuhusu nyumba yao akakosa pa kulishikia.

Upande wa ajabu hauna shida. Msomaji wa Kiswahili habembelezwi: Shaaban Robert aliiweka nchi ya Kusadikika angani mwaka 1951, na vizazi vya wanafunzi vimeisoma bila kudai kuonyeshwa nguzo zake. Na mwandishi wa Ruvuma ana ajabu nje ya mlango. Pale Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, kuna mwamba ulioonekana kama mnyama aliyelala akainua kichwa, hata Wajerumani wakapaita mahali pale Sphinxhafen kwa kulikumbuka lile sanamu la Misri. Majira fulani wingu la kungu, wadudu wadogo wa ziwani, hupanda juu ya maji kama moshi wa kijiji kinachoungua, na chini yake hakuna moto wala kijiji. Chini zaidi maji yanashuka hadi kama mita 700. Ajabu tunayo. Anayekosekana kwenye miswada ni baba.

Mpe kwanza ukali wake kazi ya kufanya. Ukali wa yule mfalme mwenye ndevu ni kama rangi aliyopakwa. Hakuna siku uliyomsaidia. Sasa fikiri habari ya Wamatengo, wenyeji wa milima ya Mbinga, katika karne ya 19. Wangoni walipokuwa wakishambulia nchi ile, watu walikwea kwenye miteremko mikali na kujificha mapangoni. Mtoto aliyelia pangoni aliweza kuwaua wote. Baba aliyesema "Nyamaza!" mara moja, kwa sauti isiyorudiwa, akatiiwa, aliamka kesho yake na watoto wote. Miaka ikapita. Wajukuu wa waliokimbia na wajukuu wa waliofukuza wanakutana sokoni Mbinga, wanaoana, wanabatizana watoto. Ile sauti lakini haikushuka mlimani. Ilirithiwa kama panga, mzee akampa mwanawe, naye akampa wake, na leo inamwangukia kijana aliyemwaga maziwa.

Ukitaka baba wa ziwani, kanuni ni ile ile. Usiku wa kuvua usipa kwa taa, upepo wa mwera ukianza kusukuma, mtu anayesimama ghafla ndani ya mtumbwi anawazamisha wenzake. Pale sauti ya juu ni chombo cha kazi kama kafi. Baba anayepiga kelele mtumbwini anawarudisha watu nyumbani wakiwa hai. Kosa lake ni kuibeba sauti hiyo hadi jikoni.

Kwa hiyo, kabla ya sura ya kwanza, andika ukurasa mmoja ambao hutauingiza kwenye hadithi: siku ambayo ukali wa baba huyu uliokoa mtu. Alikuwa na umri gani? Nani alipona? Na, swali ninalolipenda kuliko yote, nani hakupona kwa sababu siku hiyo baba alikuwa mpole? Ukishajua jibu hilo, utaona baba mwenyewe anaanza kusema bila wewe kumtafutia maneno.

Halafu mtoto. Waandishi wengi wakisema mpole wanamaanisha mnyonge. Wanampa machozi, kikohozi na macho makubwa, basi. Mtoto wa hivyo anamchosha msomaji kufikia ukurasa wa kumi, na kwa siri msomaji anaanza kuwa upande wa baba. Upole ni ujuzi, una mikono. Mtafutie kazi ambayo upole wake unaifanya vizuri kuliko ukali, na kazi hiyo iwe ile ile inayomtia baba aibu.

Milima ya Mbinga imekuwekea kazi hiyo tayari, nayo ni ngolo. Kila Machi, mvua zikielekea mwisho, wanaume hufyeka majani kwenye mteremko na kuyapanga kwa mistari inayokatana, hata mlima mzima ukawa na miraba. Wanawake hufuata na majembe. Huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo unaotoka humo, pakabaki shimo lenye upana wa kama mita 1 hadi 1.5 lililozungukwa na matuta pande zote. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata huja mahindi. Mvua ikinyesha, shimo linakamata maji na udongo unaoteremka nayo. Chini ya tuta majani yanaoza yakawa mbolea. Mteremko ambao kwingine ungekwisha kuporomoka unalimwa hapa mwaka hadi mwaka.

Tazama ulichopewa bure. Mpaka kati ya kazi ya mwanamume na kazi ya mwanamke umepita katikati ya shimo moja. Anayepanga majani ni baba, anayefukia ni mama. Kijana wako wa miaka kumi na minne anaweka fyekeo chini, anachukua jembe, anajiunga na mama na dada zake. Hajafanya uasi wowote. Amependa tu udongo ulivyo na joto chini ya majani, na anajua kwa kiganja pale tuta lilipokaa vizuri na pale litakapobomoka. Baba anamwona kutoka juu ya mteremko. Wanaume wa shamba la pili nao wanamwona. Huna haja ya vita; sura nzima imo kwenye macho hayo mawili yanayotazama mgongo wa mtoto ulioinama pamoja na migongo ya wanawake.

Kahawa nayo unaweza kuitumia, kwa kuwa kahawa ni zao la baba na fedha yake ni ya baba. Ila mimi ningeiacha nyuma ya mandhari: vichanja vya kuanikia, harufu, baba anayehesabu. Ngolo ina nguvu zaidi, kwani ndani yake baba na mtoto wanagusa kitu kimoja kwa mikono tofauti.

Sasa ndipo ingiza ajabu, na uiingize palepale panapouma. Huu ndio ushauri ambao ningetaka uondoke nao hata ukisahau mengine. Ajabu isiyogusa jambo lililo kati ya baba na mtoto ni mapambo ya harusi kwenye nyumba ya msiba. Joka likija kutoka nchi ya mbali, wakapigana nalo, wakapatana, hujaandika chochote kuhusu wao. Umeandika kuhusu joka.

Nitakuonyesha ninavyoifanya kazi hiyo kwa mfano wa kubuni. Ukisimama upande wa pili wa bonde ukatazama shamba la ngolo, unaona wavu. Mlima umetupiwa wavu. Basi nauliza: wavu huu unamvua nani? Jibu: mlima wenyewe. Katika nchi ya hadithi yangu mlima unataka kushuka ziwani. Kila masika unasogea hatua moja kuelekea maji, kwa kuwa ulizaliwa huko na unataka kurudi. Ngolo ndizo macho ya wavu unaoushikilia, na baba wa hadithi yangu ndiye mpanga majani mkuu wa bonde lote. Watu wanamheshimu. Mlima haujasogea tangu aanze kazi, miaka 30.

Kisha naweka sharti moja. Moja tu, masharti yakiwa mengi msomaji anageuka hakimu. Majani yaliyopangwa kwa hasira hayashiki. Utaona shida mara moja: huyu baba ana hasira kila siku ya maisha yake, kwa nini basi mlima umetulia? Usikimbie shida kama hiyo. Kwenye hadithi za aina hii, mahali sharti linapogongana na mhusika ndipo palipo na riwaya. Nilikaa na swali hilo muda mrefu, na jibu lililonijia ni kwamba mama huamka usiku. Mume akilala, yeye huenda shambani kwa mwanga wa mwezi, akayatandua majani yote aliyoyapanga mumewe mchana, akayapanga upya taratibu, moja moja, akiyasemesha. Alfajiri anachimba na kufukia kama kawaida. Amefanya hivyo miaka 30, na sasa vidole vyake vimeanza kukataa kukunjuka. Mtoto anajua. Ndiyo maana alichukua jembe.

Sasa upole una gharama. Kijana akimwambia baba ukweli, atamvunja: heshima yote ya mzee imesimama juu ya mikono ya mkewe. Asipomwambia, mama atakwisha. Na mlima, kule juu, umeshaanza kusikika ukinguruma usiku. Hapo hujamwandikia mtu hotuba hata moja, na bado kila tendo dogo, mama kushindwa kushika kikombe, baba kujisifu mbele ya wageni, linamkaza msomaji.

Kuna kipimo ninachokitumia. Ondoa ajabu yote kwenye mswada wako: je, ugomvi wa baba na mtoto umebaki? Lazima ubaki. Kisha rudisha ajabu, uondoe ugomvi: je, ajabu bado ina kazi? Ikiwa ina kazi, hujaifunga vizuri. Inaweza kwenda kuishi kwenye hadithi ya mtu mwingine.

Kwenye mazungumzo ndipo nyumba yetu inapoibiwa zaidi. Kijana kwenye mswada anamkazia baba macho na kumwambia, "Hujawahi kunipenda!" kisha anabamiza mlango. Amejifunza hayo kwenye filamu. Kijana wa Mbinga anasema "Shikamoo, baba," anaitikiwa "Marahaba" kavu, anatazama chini, na ukimya wake ndio hotuba. Jifunze kuuandika ukimya huo kwa vitu: fyekeo linolewalo zaidi ya linavyohitaji, maji ya kunawa yaliyomiminwa polepole mno juu ya mikono ya baba.

Sikiliza pia namna ya kuitika. Nyumbani kwetu mvulana akiitwa huitika "Naam," msichana "Abee." Kijana aliyekulia jikoni na dada zake, siku moja, mawazo yakiwa mbali, baba anaita naye anaitika "Abee." Neno moja. Dada mmoja anacheka, anaacha kucheka. Mama anashika mwiko bila kukoroga. Mwandishi anayejua lugha yake hatahitaji aya ya kueleza baba alijisikiaje.

Watu wa kati nao ni wengi, watumie. Bibi humwita mjukuu "mume wangu" na anaweza kumtania mbele ya baba mtu kwa maneno ambayo mwingine asingethubutu. Babu aweza kumkaripia baba, na mtoto akaona kwa mara ya kwanza kwamba baba naye huitwa "we mtoto" na mtu. Wamatengo walikuwa na sengu, pale watu wa ukoo walipokula pamoja na kuzungumza mambo yao chini ya wakubwa. Mlete baba hapo amshitaki mwanawe kwa ukoo: "Huyu mtoto ananiaibisha." Andika nani anatafuna, nani ameacha kutafuna. Kuku akiwa amechinjwa, firigisi inakwenda kwa nani? Kila nyumba inajua ni ya baba. Iweke firigisi hiyo mapema kwenye hadithi, sura ya pili hivi, halafu usiiguse tena kwa muda mrefu.

Na baba mpe methali. Ana silaha nzuri: samaki mkunje angali mbichi, mcha mwana kulia, hulia yeye. Jambo moja ninalokusihi: mwache awe sahihi angalau mara moja, waziwazi, mtoto akiwa amekosea. Mtoto alimwonea huruma mbuzi akamlegeza kamba, na mbuzi akaliwa. Baba ambaye hakosei kamwe kukosea ni sanamu ya udongo.

Waliotangulia wana la kutufundisha, hasa kwenye mambo mawili. La kwanza ni kipimo. J. R. R. Tolkien, katika The Lord of the Rings iliyotoka mwaka 1954 na 1955, alimpa Denethor wana wawili: Boromir wa vita, na Faramir anayependa elimu na kuvumilia. Boromir anakufa, na baba anamtazama aliyebaki kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Kaka huyo ndiye fimbo ya kupimia. Bila yeye, ukali wa Denethor ungekuwa tabia tu. Akiwepo, hata baada ya kufa, unakuwa hesabu ya kila siku. Baba anakuja kuona thamani ya Faramir pale anapoletewa akiwa ameumia, na kuona huko kunamtia wazimu hata anataka kujichoma moto pamoja naye. George R. R. Martin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1996, alikuwa mkatili zaidi: Samwell Tarly, mnene na mpenda vitabu, anaambiwa na baba yake achague kwenda kulinda ukuta wa kaskazini au afe kwa ajali ya kupangwa ya mawindoni. Mtoto huyo baadaye anafaa kwa sababu ya vitabu vile vile. Katika hadithi yako, kipimo kinaweza kuwa kaka aliyezama ziwani, binamu mpiga mpira, au hata baba mwenyewe alivyokuwa na miaka kumi na minne.

La pili tunalo la kwetu, na la zamani zaidi. Fumo Liyongo wa pwani hakuweza kuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe, aliyerubuniwa na mtawala wa Pate. Huyo si mtoto mpole, lakini muundo wake nauonea wivu: baba shujaa ana mahali pamoja pa kufia, na anayepajua ni mtoto. Mgeuze. Mtoto mpole ni yule anayejua sindano inapochoma, ameishika mkononi, baba amelala. Katika mfano wangu sindano ni siri ya mama. Sura ambayo kijana anakaribia kuisema, akaimeza, iandike polepole kuliko zote.

Mwisho ndio unaowashinda wengi. Kifo cha baba ni mlango rahisi. Mwandishi amechoka, anamwangushia mzee jiwe. Hotuba ya msamaha ni mlango mwingine rahisi. Mwanamume aliyeishi miaka 60 bila kusema neno laini hatapata maneno hayo usiku mmoja kwa kuwa mlima umenguruma. Atapata tendo. Atakwenda shambani usiku akamkuta mkewe akitandua majani, asiseme kitu, arudi alale, na kesho yake amwambie mtoto, huku akitazama pembeni, "Nionyeshe unavyoyalaza." Au firigisi ile ya sura ya pili itahamia sahani nyingine, na watu wataendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikiwa lazima aseme "mwanangu", aseme kwa jirani, njiani, kijana akiwa hayupo kuisikia.

Lakini nisieleweke vibaya. Kueleza ukali ulikotoka hakumwondolei mtu alichokifanya. Kama baba wa hadithi yako anapiga mpaka anavunja, usimlazimishe mtoto kupatana naye ili msomaji alale vizuri. Wapo watoto wanaosoma maandishi yetu wakiwa na alama mgongoni, na wanastahili kukutana na kijana aliyeondoka bila kulaaniwa na mwandishi. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kama kilomita 66 za kuteremka, na leo ni lami. Kijana wako anaweza kuzishuka, akafika ziwani, akajifunza kusoma upepo kwa wavuvi wanaosema kwa sauti ya chini, asirudi. Mlima ukija kumfuata, hiyo ni juzuu ya pili.

Ukimaliza rasimu, mtafute mtu aliyefanyishwa ngolo utotoni, msomee kwa sauti, usimpe karatasi. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize ni wapi alitaka kumkemea baba, na ni wapi alimwonea huruma. Kama akikutajia sehemu mbili zilizo mbalimbali, rudi mezani ukazisogeze mpaka ziingie kwenye ukurasa mmoja.